Weusi wa Plastiki za Gari na Jua la Mwambao

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kila mwenye gari katika mwambao wetu, tangu Lamu hata Mtwara, amepata kuliona na kusikitika: zile plastiki nyeusi za nje ya gari, yaani bampa zisizopakwa rangi, kingo za madgadi, besi za saitimira, vishikio vya milango, na lile bamba lililojinyoosha chini ya kioo cha mbele mahali zinapolala waipa, ambazo siku gari lilipotoka bandarini zilikuwa nyeusi tititi, na baada ya misimu michache ya kaskazi zimepauka, zikawa na rangi ya majivu, hata gari zima, lijapokuwa na injini madhubuti na rangi inayong'aa, likaonekana limezeeka kabla ya umri wake.

Huenda mtu akauliza, je, jambo hili ni kubwa kiasi cha kustahili kuzungumzwa redioni? Kwa uzito wake peke yake si kubwa, maana gari halisimami njiani kwa sababu ya bampa iliyopauka, wala abiria hachelewi kufika. Lakini kwa wengi wetu gari ni mali iliyonunuliwa kwa jasho la miaka, na sokoni mali hiyo hukadiriwa kwa jicho kabla ya kukadiriwa kwa sikio. Na kwa kuwa jicho ndilo linalotangulia, pamezuka kandokando ya jambo hili biashara ya makopo na chupa, na ufundi wa kweli na ufundi wa hadaa, hata mwenye gari hajui ashike lipi na aache lipi. Mintarafu ya hayo neno langu ni moja, nalo nalisema mapema ili msikilizaji alipime tangu mwanzo hata mwisho: weusi wa plastiki hizi haukupotea, umefunikwa, na dawa iliyo dawa ni ile inayoondoa kilichoufunika, kisha ikalizuia jua lisiirudie kazi yake, na kila kinachong'arisha bila ya kufanya mambo haya mawili ni urembo wa siku moja.

Wazee wetu waliotangulia kuendesha magari hawakuujua ugonjwa huu, kwa sababu magari yao hayakuwa na plastiki za namna hii. Zile Peugeot 404, zilizoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na tena miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, zilikuwa na bampa za chuma, na chuma cha bampa nyingi za zama zile kilivishwa kromu, na adui wa kromu alikuwa chumvi ya bahari, ambayo hupenya katika vitundu vidogo, ikala chuma kwa chini hata ganda likavimba na kubanduka. Basi kila zama na maradhi yake. Mwaka ule ule wa 1963, Mtaliano Giulio Natta alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler, na katika kazi zilizompatia Natta heshima hiyo mlikuwamo kutengeneza, huko Milan mwaka 1954, plastiki ngumu na nyepesi iitwayo polipropilini. Mwaka 1972 Wafaransa walitoa Renault 5, miongoni mwa magari ya mwanzo kuvishwa bampa za plastiki badala ya chuma, na tangu hapo watengenezaji wakafuatana. Hata leo ukiinama ukatazama upande wa ndani wa bampa ya gari lako, aghalabu utakuta herufi PP zimechapwa katika mwili wake, nazo ni alama ya polipropilini ile ile, iliyochanganywa na mpira kidogo ili isivunjike upesi, na unga wa talki ili ishike umbo.

Watengenezaji waliipenda kwa sababu zisizokanika. Ni nyepesi, na gari jepesi hunywa petroli kidogo, ni rahisi, chumvi haiiwezi, ikigongwa kidogo hurudi mahali pake, na weusi wake haukupakwa juu kama rangi ya mlango, bali umekandwa ndani yake kwa masizi laini sana, hata ikikwaruzwa na ukuta wa kichochoro cha Mji wa Kale haionyeshi jeraha jeupe. Kwa hiyo magari ya kazi ndiyo yaliyopewa plastiki hizi kwa wingi, kama vile Toyota Probox za daraja la chini, ambazo bampa zao zimeachwa nyeusi kwa makusudi, kwa kuwa anayebeba mirungi, mikate au magazeti alfajiri hana nafasi ya kuhuzunikia mikwaruzo. Plastiki ikaepukana na adui wa kromu, lakini haikuachwa bila adui, na adui wake ni jua.

Katika nuru ya jua mna miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayounguza ngozi na kuchujua nguo kwenye kamba. Plastiki, kwa asili yake, ni minyororo mirefu ya chembe zilizoshikamana, na katika mnyororo wa polipropilini, kila baada ya kiungo kimoja pana kiungo dhaifu, ambacho mwale wa urujuanimno ukikipiga, na hewa ya oksijeni ikaingia, na joto likasaidia, mnyororo hukatika. Watengenezaji huyajua hayo, na hutia ndani ya plastiki dawa za kuupunguza ukataji huo, lakini dawa hizo nazo huliwa kidogo kidogo na jua, mpaka siku ikafika ukinzani ukaisha. Tena rangi nyeusi hunywa joto, na bampa iliyosimama juani adhuhuri huweza kupita nyuzi 60 za Sentigredi. Na palipo na joto zaidi maangamizi huenda upesi zaidi.

Hapa inafaa tulitazame jua letu lenyewe. Magari mengi tunayoyatumia yameanza maisha yake Japani, nayo yameletwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika. Na huko Tokyo, ingawa kiangazi chake kina jua kali, mchana wa Desemba jua haliinuki zaidi ya nyuzi 31 hivi kutoka upeo wa macho, miale ikaja kwa mshazari na kupita katika hewa nene inayoipunguza makali. Kwetu sisi hakuna msimu wa nafuu kama huo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na Dar es Salaam nyuzi 7 kasoro kidogo, na jua hutupita utosini mara mbili kila mwaka, katika mwezi wa Machi na tena katika mwezi wa Oktoba. Ndiyo maana plastiki zilizolala ndizo zinazoanza kupauka, nazo ni lile bamba la chini ya kioo, mgongo wa bampa na reli za juu ya paa, huku plastiki zilizosimama wima milangoni zikichelewa. Mwenye gari akitaka kujua kama ugonjwa umekwisha kuanza, atazame kwanza pale chini ya waipa.

Sasa tuifahamu ile rangi ya majivu inatoka wapi, maana asiyelifahamu hili hatafahamu kwa nini dawa nyingine hufaa na nyingine hudanganya. Minyororo inapokatika, uso wa plastiki hupasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho, na vipande vilivyokufa pamoja na unga wa talki hubaki juu kama vumbi. Uso uliokuwa laini ukawa na mabonde na milima, na nuru inayoanguka juu yake, badala ya kuingia ndani ikamezwa na masizi, hutawanyika huku na huku ikarudi machoni mwetu, nasi tukaiona kama weupe. Ushahidi wake ni mwepesi: chota maji uyamwagie bampa iliyopauka, utaiona imekuwa nyeusi mara moja, kwa kuwa maji yamejaza nyufa na nuru imepata njia ya kuingia, na maji yakikauka, kijivu kitarudi. Maji hayakutia rangi yoyote. Weusi ulikuwapo, na upo, kwa kuwa masizi yenyewe huimeza miale na kuizuia isizame ndani, hata maangamizi yote yakabaki katika ganda jembamba la juu. Ndiyo maana tiba inawezekana.

Na hapo hapo ndipo walipoingia watu wa mafuta. Kila kioevu kinachojaza nyufa hurudisha weusi, na mafuta hukawia kukauka kuliko maji. Basi katika vituo vya kuoshea magari vya miji yetu utamwona kijana, akisha kuliosha gari na kulifuta, akichovya kitambaa katika kopo la dizeli, au la oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari jingine, akakipitisha juu ya bampa, na mara ile bampa ikageuka nyeusi, na mwenye gari akafurahi akatoa na bakhshishi. Sitaki kumlaumu kijana, kwa sababu ametumia alichonacho na amefanya alichoombwa. Lakini yafaa ijulikane kwamba dizeli huvimbisha na kulegeza mipira ya milango na ya vioo. Kwamba oili chafu ina mabaki ya mwako yanayodhuru ngozi ya mwenye kuishika kila siku, na ikioshwa na mvua huenda mferejini na baharini. Na kwamba zote mbili huita vumbi, hata safari ya kwanza ya barabara ya udongo ikiisha, bampa huwa na uso mchafu kuliko ulivyokuwa kabla ya kutibiwa.

Wako pia wanaosifu dawa ya viatu, na wengine siagi ya karanga, na wengine mafuta ya breki. Dawa ya viatu ni nta na rangi, nayo huipa plastiki weusi wa siku kadhaa, kisha ikahamia katika kanzu na buibui la kila anayepita karibu. Siagi ya karanga hujaza nyufa kwa mafuta yake, halafu ikabakisha punje kwenye mikunjo na kuwakaribisha sisimizi. Ama mafuta ya breki, hayo mtu asithubutu kuyakaribisha karibu na gari, kwa maana tone lake moja likiangukia mlangoni hulainisha rangi hata ikabanduka, na fedha za kuipaka upya zingenunua bampa nyingine.

Msikilizaji aweza kunijibu kwamba watu wa pwani ndio waliotangulia kujua thamani ya mafuta juu ya kitu kilichopigwa na jua, na jawabu hilo lina haki yake. Mabaharia wetu tangu zamani huzipaka mbao za jahazi mafuta ya sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, zisipasuke kwa jua, na sehemu ya chini inayozama huipaka shahamu na chokaa kuikinga na wadudu waharibuo mbao. Lakini pana tafauti na pana mafunzo. Tafauti ni kwamba mbao hunywa, na sifa huzama ndani yake ikakaa, ilhali plastiki hainywi, na mafuta hushika ule ufa wa juu tu, mvua ya kwanza ikaja ikayachukua. Mafunzo ni kwamba nahodha hangoji mpaka mbao zipasuke ndipo atafute sifa. Hukipaka chombo chake kila kinapopandishwa pwani, kikiwa bado kizima. Wenye magari tumeiga mafuta tukaacha taratibu.

Tukiisha kuyaacha hayo, tuingie katika kazi yenyewe, na kazi hii, kama nitakavyoieleza, sehemu yake kubwa ni usafi. Kwanza gari liwekwe kivulini, na plastiki ziachwe zipoe, kwa maana dawa yoyote ikipakwa juu ya kitu cha moto hukauka kwa mabaka. Zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na zisuguliwe kwa brashi ya nyuzi laini, kwa kuzungushwa, ili ule mchoro wa chengachenga uliochapwa juu ya plastiki uachie uchafu ulioshikwa ndani yake. Brashi ya waya na msasa visitumike, kwa sababu plastiki nyingi hizi zina uso wenye mchoro mfano wa ngozi, na mchoro huo ukifutika haurudi tena, ikabaki alama laini inayong'aa kama kovu. Mara nyingine weupe unaoonekana si jua kabisa, bali ni nta ya kung'arishia rangi iliyopitishwa kwa uzembe kutoka mlangoni ikaingia katika mikunjo ya plastiki. Huo hutoka kwa maji ya moto kiasi na brashi, au kwa kusuguliwa kwa raba ya kufutia penseli, na mwenye gari akaepukana na gharama nyingine yote.

Baada ya kuosha, huja hatua ambayo wengi huiruka, na kwa kuiruka wakailaumu dawa bure. Plastiki iliyopakwa mafuta mara kwa mara ina mafuta ndani ya nyufa zake, na kitu chochote kitakachopakwa juu ya mafuta hakitashika. Basi ifutwe kwa spiriti safi isiyochanganywa na mafuta, kwa kitambaa cheupe, kipande baada ya kipande, na kila kitambaa kikichafuka kibadilishwe, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Weusi utakaoonekana kwenye vitambaa vya mwanzo si dalili ya kwamba rangi ya bampa inatoka. Ni mabaki ya dawa za nyuma na ganda lililokufa, na kutoka kwake ndiyo maana ya kazi. Bampa ikiisha kusafishwa hivi itaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa, nyeupe zaidi na yenye mabaka, na fundi asiyemtayarisha mwenye gari kwa hali hiyo hujiletea maneno. Lakini ubaya huo ni ukweli wa plastiki, na tiba haina budi kuanzia kwenye ukweli. Kisha iachwe ikauke barabara, kwa saa moja au zaidi, kwa kuwa maji hujificha katika viungo na kuchuruzika baadaye, yakaiharibu dawa ikiwa mbichi.

Sasa dawa, nazo kwa ujumla ziko za tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni zile zisizokauka, ambazo aghalabu ni mafuta ya silikoni, mengine yakiwa meupe kama maziwa na mengine yakiteleza kama mafuta ya nywele. Hizi hufanya kazi ile ile ya kujaza nyufa, kwa umbo safi zaidi kuliko dizeli, na hukaa siku kadhaa au wiki chache kwa kadiri ya mvua na vumbi. Hazina dhara kubwa maadamu mtumiaji anajua kwamba amenunua urembo, ila asizipake juu ya vipandio vya mlangoni, wala juu ya bampa ya nyuma mahali wapagazi wanapokanyaga wakipakia mizigo, wala kwenye usukani na pedali, kwa sababu utelezi wake umekwisha kuangusha watu. Tabaka la pili ni zile zenye utomvu na rangi, ambazo hupakwa kidogo kidogo, zikajiunga na uso, zikakauka zikawa ganda. Hizi hukaa miezi. Tabaka la tatu ni zile ziitwazo seramiki, ambazo hugeuka ganda gumu lenye asili ya silika, nazo hukaa mwaka au zaidi zikipakwa vizuri. Lakini ni ghali, hukauka upesi, na kosa likiisha kukauka ni taabu kuliondoa. Wako pia mafundi wanaotumia mafuta ya mbegu za kitani, ambayo kwa tabia yake hukutana na hewa yakagandamana, na ni dawa ya kale ya maseremala. Yanafaa yakipakwa membamba sana, lakini kitambaa kilichoyanyonya kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto chenyewe kikawaka moto, kwa hiyo na kitandazwe kikauke au kizamishwe majini.

Mnunuzi asiyejua kusoma maandishi ya chupa, au aliyeyasoma na asiyaamini, anayo njia ya kuipima dawa mwenyewe. Apake sehemu ndogo isiyoonekana, aiache mpaka kesho yake, kisha aipitishie kitambaa cheupe kilicholoa maji. Kitambaa kikichafuka, dawa ile ni ya tabaka la kwanza, hata ikiwa chupa yake imeandikwa maneno gani. Kikitoka safi, pana matumaini. Na katika kupaka, ziada ni adui: kingo za rangi ya gari zizibwe kwa tepu ya karatasi, dawa itiwe kwenye sponji wala isitiwe juu ya bampa, ipakwe nyembamba kwa eneo dogo dogo, iliyozidi ifutwe kabla ya kukauka, na ikihitajika mara ya pili ingojewe ile ya kwanza ikauke. Gari lisiguswe na maji wala vumbi kwa siku nzima.

Kuna na njia ya moto, nayo inavutia sana wanaopenda miujiza. Fundi huchukua chombo cha umeme kipulizacho hewa ya moto, akakipitisha juu ya plastiki iliyopauka, na kijivu kikageuka kuwa cheusi mbele ya macho ya watazamaji. Si uchawi wala si uongo: ganda la juu limeyeyuka kidogo, nyufa zikajifunga, uso ukawa laini tena. Lakini plastiki hii huyeyuka karibu na nyuzi 160, na vyombo vingi vya namna hiyo hupuliza hewa ya zaidi ya nyuzi 400, na baina ya kuponya na kuharibu pana nafasi ya kupepesa macho tu. Bampa hupinda, mchoro hufutika, kioo kilicho karibu huweza kupasuka. Zaidi ya hayo, moto haukuongeza kinga yoyote. Zile dawa zilizotiwa kiwandani zimekwisha kuliwa na jua, na uso uliorudishwa weusi umekaa uchi ukilingoja jua lile lile. Anayetaka kutumia moto autumie kwa mkono mwepesi, mara moja, na juu yake apake ganda la kinga. Na mwali wa wazi wa gesi asiukaribie.

Ikiwa plastiki imeliwa sana, imekuwa ngumu na inapasuka kwenye vishikizo vyake, hapo tiba imekwisha muda wake, na ni heri kuibadilisha kwa nyingine, au kuipaka rangi ya plastiki baada ya kuitangulizia rangi ya msingi iliyokusudiwa polipropilini, kwa sababu plastiki hii kwa asili haikubali kushikwa, na rangi iliyopakwa bila msingi huo hubanduka kama maganda ya kitunguu.

Lakini dawa iliyo bora kuliko zote haiuzwi katika chupa, nayo ni kivuli. Banda la makuti, au turubai lililoinuliwa juu, au hata kipande cha mkeka kilichotandazwa juu ya lile bamba la chini ya kioo wakati gari limesimama tangu asubuhi hata alasiri, huokoa zaidi ya kopo lolote. Kivuli cha mti ni chema, ingawa mwembe hudondosha utomvu na ndege hudondosha yao; basi gari lioshwe mapema. Na asiye na kivuli, aoshe plastiki zake kwa sabuni isiyo kali, na azipake kinga zikiwa bado nyeusi, kama anavyofanya yule nahodha.

Neno la mwisho ni la sokoni. Katika yadi za magari utaona bampa zote zimekolea weusi, na hapana ubaya muuzaji kuisafisha bidhaa yake. Lakini waungwana wana methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi na achukue kitambaa cheupe akipitishe juu ya mgongo wa bampa na chini ya waipa: kikitoka na mafuta, ajue ya kwamba ameonyeshwa sura ya siku moja, na akadirie bei kwa bampa iliyopauka wala asikadirie kwa bampa nyeusi. Kupauka si aibu ya gari wala si sababu ya kuliacha, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba hutibika; aibu ni kuficha. Muuzaji mwaminifu na aseme alichopaka, fundi mwaminifu na aseme dawa yake ni ya wiki ngapi au ya miezi mingapi, na mwenye gari, kabla ya kutafuta kopo la kung'arishia, na atafute kwanza brashi, sabuni na kivuli.